Kupanga Safari ya Mawio Ol Doinyo Lengai Ukianzia Kigoma

Sisi wa Kigoma ni watu wa machweo. Jua letu huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, na aliyekulia Ujiji au Kibirizi hukisia wakati wa kuzama kwake bila kutazama saa. Mawio, kwa upande mwingine, hufichwa na vilima vilivyo mashariki ya mji, na tunapoliona jua huwa limekwisha kupanda. Huenda ndiyo sababu naulizwa mara kwa mara, na walimu na vijana wa hapa, namna ya kwenda kuona jua likichomoza juu ya volkano hai. Kazi yangu ya kila siku ni kupima miamba na maji ya ardhini kwa ajili ya visima vya vijiji vya mkoa huu, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiongoza vikundi vidogo kwenda Ol Doinyo Lengai. Hapa naeleza ninavyoipanga safari hiyo, kwa kuwa karibu kila tatizo nililokutana nalo mlimani lilikuwa limeanzia kwenye ratiba.

Kwanza, uchaguzi wa mlima. Ukitazama ramani utaona kwamba volkano hai iliyo karibu zaidi nasi ni Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, ambayo iko kiasi cha kilomita 370 kaskazini mwa Kigoma katika tawi lile lile la magharibi la Bonde la Ufa lililochimba Ziwa Tanganyika. Ni mlima mkubwa, wenye mita 3,470, na lava yake ni nyepesi na ya kasi mno: ilifika mjini Goma Januari 2002, na Mei 2021 ikashuka tena hadi pembezoni mwa mji. Kwa hali ya vita ilivyo mashariki mwa Kongo, simpeleki mtu huko. Lengai uko mbali zaidi, kiasi cha kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, katika tawi la mashariki la Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron, lakini uko ndani ya nchi yetu na unapandika.

Halafu Lengai una jambo ambalo hakuna volkano hai nyingine duniani iliyo nalo leo. Lava ya volkano nyingi hutokana na mwamba uliojaa silika, yaani madini yale yanayofanya mchanga na kioo, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi. Ya Lengai ina silika kidogo sana, imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, na hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Kwa lugha ya jikoni, mlima huu unatapika magadi. Ninapowaeleza wanafunzi huwa nawapa kipande cha lava ya zamani wakishike: ni cheupe, chepesi, kinapukutika kati ya vidole kama chokaa iliyopata unyevu, na ukikilowesha kidole chako na kukisugulia hapo utahisi utelezi ule ule wa magadi tunayotia kwenye maharage. Madini yake makuu mawili ni nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti, iliyopewa jina la John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Basi linapopita Tabora, ambako Mwalimu alianza masomo ya sekondari mwaka 1937, huwa nawakumbusha abiria wangu jina hilo la kwanza.

Kemia hiyo ndiyo inayofanya alfajiri kuwa saa yenye thamani kuliko zote. Kwa kuwa joto lake ni dogo, lava ya Lengai mchana huonekana nyeusi au ya kahawia iliyokolea, kama oili chafu ya injini inayomwagika, na mgeni anaweza asitambue kwamba ni moto. Usiku ndipo wekundu wake hafifu unapoonekana. Baada ya kupoa hunyonya unyevu wa hewa na, ndani ya saa chache hadi siku chache, hugeuka nyeupe. Anayefika ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la kileleni, kungali giza, shughuli ikiwapo, huuona wekundu ule ndani ya shimo, kisha huuangalia ukififia kadiri anga linavyopauka, hata jua linapotokeza anabaki anatazama weusi juu ya weupe. Atakayefika saa mbili asubuhi ameukosa mlima wa usiku kabisa.

Kwa hiyo ratiba hupangwa kinyumenyume, kuanzia mawio kurudi nyuma. Hapa watu wa Kigoma hukosea kwa namna yao. Saa yetu ni moja kutoka Kigoma hadi Tanga, lakini jua halifuati saa ya serikali: dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne, Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6 mashariki, Lengai uko karibu na 35.9, na tofauti hiyo maana yake ni kwamba kule jua huchomoza dakika 25 hivi kabla ya kwetu. Aliyezoea mawio ya saa 12:50 ajiandae kwa saa 12:25. Mawio ya Lengai hucheza kati ya saa 12:15 hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:45 hivi, katikati ya Februari na mwezi Julai. Mwanga wa kwanza wa alfajiri huanza zaidi ya saa moja kabla ya hapo, na wekundu wa lava hauwezi kushindana nao kwa muda mrefu. Mimi huweka saa 11:00 alfajiri kuwa saa ya kufika ukingoni. Upandaji huchukua saa tano hadi sita, nami huhesabu sita. Basi tunaanza kutembea saa 5:00 usiku, tunaondoka kambini Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima, saa 4:00 kwa sababu gari linahitaji muda kufika miguuni mwa mlima, tunaamka saa 3:00, na ili mtu awe amelala kidogo lazima awe kitandani saa 10:00 jioni. Ukihesabu hivyo utaelewa kwa nini siwezi kukubali kikundi kifike Engare Sero jioni na kupanda usiku huo huo.

Nilikubali mara moja, katika safari yangu ya kwanza, na sitarudia. Gari tulilokodi lilichelewa saa tatu, nami kwa kuogopa kuwavunja moyo watu waliotoka mbali nikaruhusu tuanze kupanda saa 7:30 usiku. Njia ya kawaida hupanda upande wa magharibi wa mlima, jambo ambalo nilikuwa nalijua lakini sikuwa nimelitafakari: ukichelewa, mawio hayakukuti popote, kwa sababu uko ndani ya kivuli cha mlima wenyewe. Tulikuwa kwenye korongo la majivu, mikono na magoti chini, anga juu yetu likageuka jeupe, na mbali huko nyuma kwenye ukingo wa Bonde la Ufa tukaona mwanga wa jua umekwisha kugusa juu ya genge, huku sisi tumekaa kwenye rangi ya kijivu. Tulifika ukingoni saa 2:30. Wakati wa kushuka jua lilikuwa limetupata, dada mmoja akaishiwa maji, miguu yake ikawa inatetemeka kila anapokanyaga. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa akituongoza alimwambia kwa upole, "Dada, kaa kwanza, mlima hauondoki," akampa maji yake na kutembea mbele yake hatua kwa hatua hadi chini. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kila ratiba yangu ina saa ya kugeuka, nayo hutangazwa kabla ya safari: ikifika saa 12:00 asubuhi hatujaona ukingo, tunageuka, hata kama ni mita mia moja zimebaki.

Baada ya saa hutafutwa mwezi. Katika hili watu wa ziwani hawahitaji mwalimu, kwa sababu wavuvi wetu wa dagaa hupanga kazi kwa mwezi: usiku wa giza taa huvuta samaki, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Usiku wanaopumzika wavuvi ndio ninaoupendelea kwa kupanda. Kuanzia mwezi mpevu hadi siku nne au tano baadaye, mwezi huwa angani kuanzia kabla ya usiku wa manane hadi alfajiri, na kwa kuwa kuelekea alfajiri huelemea magharibi, huangaza upande ule ule tunaopandia. Wapo wanaopendelea giza totoro ili wekundu wa lava uonekane vizuri zaidi. Kwa mtu anayepanda mara ya kwanza sishauri hivyo. Kurunzi ya kichwani huonyesha hatua mbili mbele, haionyeshi mteremko ulio pembeni yako.

Msimu ni jambo fupi: Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Wakati wa masika majivu huwa tope, na makorongo tunayopitia huwa njia za maji.

Swali zito ni kama mlima wenyewe unaruhusu. Lengai ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na mara ya mwisho kuanzia Septemba 2007 hadi 2008. Mlipuko huo wa mwisho ulitanguliwa Julai 2007 na mfululizo wa matetemeko upande wa mlima jirani wa Gelai, kubwa kati ya hayo likiwa na ukubwa wa 5.9, na uliibadilisha kabisa sura ya kilele: kasoko iliyokuwa imejaa lava hadi kumwagika ikawa shimo lenye kina kinachokaribia mita 100 na kuta zinazomomonyoka. Anayekusimulia kwamba aliwahi kutembea juu ya lava ndani ya kasoko anasema kweli ya miaka ile. Leo hatushuki humo, na hatusimami kwenye ncha ya ukuta, kwa kuwa chini ya unyayo wako panaweza pasiwe na kitu.

Wiki mbili kabla ya safari naanza kutazama picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo hupatikana bure na hurudia eneo moja kila baada ya siku tano hivi. Katika mawimbi ya infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, lava mpya huonekana kama nukta inayong'aa ndani ya kasoko, mawingu yakiruhusu. Nasoma pia taarifa za volkano za taasisi ya Smithsonian ya Marekani. Kisha nawapigia simu waongozaji wa Engare Sero, na neno lao ndilo la mwisho, kwa sababu wao wanauona mlima kila asubuhi na wanajua moshi wake wa kawaida ni upi. Wakiniambia kwamba ardhi imetikisika mara kadhaa, au majivu yanapanda juu ya kilele, au lava imefurika, hatupandi. Safari haifi: tunakwenda kuyatazama mawio ufukweni mwa Ziwa Natron, mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na mlima tunauona kusini ukipata mwanga kutoka kushoto.

Barabara kutoka kwetu ni ndefu lakini si ngumu. Kwa basi tunapita Tabora, Nzega, Singida na Babati. Wanaopenda treni hushuka Dodoma na kupanda basi la kupitia Kondoa hadi Babati. Si lazima kufika Arusha mjini. Tunashuka Makuyuni, tunaingia Mto wa Mbu, tunalala, na kesho yake gari la magurudumu manne linatupeleka kupitia Selela na Engaruka hadi Engare Sero. Njiani kuna vizuizi vya ushuru, na kijiji nacho hutoza chake. Ulizeni viwango mapema. Siku ya mapumziko tunaitumia kuona nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhika kwenye majivu yaliyogeuka mwamba karibu na kijiji.

Kuhusu vifaa nitasema yale yanayopuuzwa. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele kiko mita 2,962, na hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000, kwa hiyo ondoa nyuzi 13 kutoka usiku wa Kigoma, kisha ongeza upepo: koti zito si anasa. Glavu ni za lazima, kwani sehemu ya juu mwinuko hukaribia nyuzi 45 na utatumia mikono. Kofia ngumu hulinda dhidi ya mawe yanayosukumwa na wenzako walio juu, na ndiyo maana kikundi hutembea kikiwa kimeshikana. Mlimani hakuna maji. Kila mtu abebe lita nne. Mwenye pumu abaki kambini. Juu, hatukai mabondeni, kwa sababu kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya humo. Tunakaa upande ambao upepo unatoka.

Wamaasai huuita Mlima wa Mungu na hufika kuomba hapo, hivyo ukingoni nawaomba wenzangu wanyamaze hadi jua litokeze. Kwanza Gelai hujichora mweusi kaskazini-mashariki, halafu, siku ya anga safi, Kilimanjaro huonekana mbali. Jua likishapanda geukeni nyuma: kivuli cha mlima kinalala magharibi kama pembetatu ndefu, na kinafupika mkiwa mnatazama.

Tunaanza kushuka kabla ya saa 1:30, tukiwa bado na faida ya kivuli hicho. Kushuka huchosha magoti kuliko kupanda, na ajali nyingi za miguu nilizoziona zilitokea hapo, kwenye kokoto zinazoviringika juu ya mwamba mgumu. Saa tano asubuhi huwa tumefika kambini. Siku hiyo hakuna anayesafiri, dereva akiwa wa kwanza kukatazwa. Tunalala tena Engare Sero, na basi la kurudi Kigoma hukatiwa tiketi ya keshokutwa.