Si kila waridi ni waridi
Wengi hudhani kwamba kila ua liitwalo waridi ni la ukoo mmoja, dhana inayotokana na jina lenyewe, ambalo tumelipata kutoka Kiarabu na tunalolitumia hata kwa rangi. Mwaridi halisi ni wa jenasi ya Rosa, ndugu wa mtofaa, na mwiba wake ni chomozo la ganda la nje tu: ukiusukuma upande kwa kidole gumba, hubanduka bila kuchana ukuni. Waridi la jangwani (Adenium obesum), lenye shina lililovimba kama chupa, ni jamaa wa oleanda, kichaka cha maua, na utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji barani Afrika waliipaka mishale. Ajabu zaidi, jina hilohilo hupewa fuwele za madini ya jasi zilizojipanga kama petali, ambazo si mmea kabisa.