Opera buffa: fumanizi linaloimbwa

Mwanamume anapima sakafu ya chumba huku akitaja namba: tano, kumi, ishirini, thelathini, thelathini na sita, arobaini na tatu. Anataka kujua kama kitanda kitaenea. Pembeni yake mchumba wake yuko mbele ya kioo, anajaribu kofia aliyoishona mwenyewe, na ananuna kidogo kwa sababu hatazamwi. Ndivyo inavyofunguka Le nozze di Figaro, yaani Harusi ya Figaro, ya Wolfgang Amadeus Mozart, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 1 Mei 1786. Mfalme hayumo, mungu hayumo, vita havimo. Kuna kitanda na kofia. Hapo umeshapata nusu ya maana ya opera buffa.

Opera ni tamthilia inayoimbwa, ikisindikizwa na wapiga ala. Buffa ni neno la Kitaliano lenye maana ya kuchekesha. Katika karne ya 18 opera iliyopewa heshima ilikuwa ile iitwayo seria, ya wafalme na mashujaa wa kale, na nyota wake wengi walikuwa wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zibaki juu. Watu walikaa saa nyingi wakisikiliza maombolezo ya kifalme. Ili wapumue, kati ya sehemu moja na nyingine uliingizwa mchezo mfupi wa kuchekesha. Mmojawapo ni La serva padrona ya Giovanni Battista Pergolesi, Naples, 1733: waimbaji wawili tu na mtumishi asiyesema neno. Kijakazi anamchezea bwana wake mpaka bwana anamwoa. Hayo ndiyo yote, na watu waliyapenda. Michezo ya namna hiyo ikaenda kusimama yenyewe, na pamoja na opera ndefu za vichekesho zilizokuwa zikichezwa huko huko Naples, ikakuza mtindo uliosambaa Ulaya.

Kijakazi mwerevu, bwana anayejiona mjanja, wapenzi wawili wanaozuiwa, mzee mwenye sauti nzito anayetaka kuoa binti mdogo: hao utakutana nao karibu kila mahali kwenye opera buffa. Kinachowaendesha ni kitu ambacho Kiswahili kinakitaja kwa neno moja, fumanizi. Mtu anavunja mlango akiwa na hakika atamkuta fulani. Mlango ukifunguka, aliyemo ni mwingine.

Turudi kwa Figaro. Yeye ni mtumishi katika kasri la kabaila Almaviva karibu na Sevilla, Hispania, na leo anamwoa Susanna, mtumishi wa Rosina, mke wa kabaila. Chumba walichopewa kipo karibu na cha mabwana. Figaro anaona ni ukarimu. Susanna anamfumbua macho: kengele ikilia asubuhi, wewe utatumwa mbali, na bwana kwa hatua tatu atakuwa mlangoni kwangu. Almaviva alijigamba kuifuta ile haki ya bwana kulala na bibi harusi kabla ya mumewe. Sasa anairudisha kimya kimya, kwa ahadi ya fedha za harusi. (Wanahistoria wengi hawakubali kwamba haki hiyo iliwahi kuwa sheria ya kweli. Jukwaani haidhuru, kwani bwana wa aina hiyo kila mtazamaji alimjua.)

Fumanizi la kwanza linahusu kiti. Cherubino, kijana mtumishi anayempenda kila mwanamke anayepita, amekuja kwa Susanna kulia shida zake. Almaviva anaingia, kijana anajificha nyuma ya kiti. Basilio, mwalimu wa muziki na mmbea wa kasri, anakuja pia, na bwana naye anakimbilia nyuma ya kiti kile kile, huku kijana akizunguka na kuruka juu yake, akafunikwa na gauni. Umbea wa Basilio ukimtoa bwana mafichoni kwa hasira, anaeleza jinsi jana alivyomkuta Cherubino kwa binti wa mtunza bustani kwa kufunua kitambaa cha meza, taratibu, namna hii... na analifunua gauni. Kijana yumo. Kasheshe ni kwamba amesikia maneno yote ambayo bwana alikuwa akimnong’oneza Susanna. Adhabu yake ni kupelekwa jeshini. Jambo moja la kujua: Cherubino huimbwa na mwanamke. Kwa hiyo anapovishwa nguo za kike baadaye, tunamtazama mwanamke anayeigiza mvulana anayejifanya mwanamke.

La pili ndilo linalonifanya niiweke opera hii juu ya nyingine zote. Cherubino yuko chumbani kwa Rosina, anavalishwa nguo za kike kwa ajili ya mtego wa kumnasa bwana, mara bwana anabisha hodi. Kijana anafungiwa ndani ya chumba cha nguo. “Nani yumo?” “Susanna.” “Atoke basi!” Hatoki. Almaviva anakwenda kuleta nyundo na koleo, anaondoka na mkewe na kufunga mlango. Wakiwa nje, Susanna aliyekuwa amejibanza anamtoa kijana, kijana anaruka dirishani, Susanna anajifungia mahali pake. Rosina, asiyejua lolote, anavunjika moyo na kukiri kwamba aliyemo ni Cherubino. Bwana anachomoa upanga. Mlango unafunguka, Susanna anatoka polepole, mpole kama hajasikia kitu. Mume na mke wote wawili wanapigwa na butwaa.

Basi bwana anaomba radhi, na hapo ndipo mtunza bustani anapoingia na vyungu vyake vya maua vilivyovunjwa, akiuliza ni nani anayetupwa kutoka madirishani siku hizi. Figaro anasema ni mimi, na anaanza kuchechemea.

Hapa ndipo uone opera buffa inafanya nini ambacho mchezo wa kuzungumza hauwezi. Watu saba wakisema kwa pamoja ni kelele za sokoni. Wakiimba kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake na hasira yake, sikio linawashika. Tamati ya sehemu hii inaanza na watu wawili, mume na mke, na kwa muda wa dakika kama ishirini bila kukatika wanaongezeka kidogo kidogo mpaka saba wanasimama wakifokeana kwa mpangilio mzuri ajabu. Kwingineko hadithi husukumwa kwa kuimba kunakokaribia kuongea, kinanda kikigusia tu. Kisha anakuja mtu mmoja na wimbo wake wa pekee, mambo yakasimama ili aseme moyo wake.

Kuna na kesi ya Marcellina, mama mtu mzima aliyemkopesha Figaro kwa sharti kwamba asipolipa atamwoa. Nitaipita haraka: alama mkononi mwa Figaro inafichua kwamba Marcellina ni mama yake mzazi, na wakili wake Bartolo ndiye baba. Ni upuuzi mtupu, na ndiyo raha yake.

La tatu ni usiku, bustanini. Rosina na Susanna wamebadilishana nguo. Almaviva, akidhani amempata Susanna, anambembeleza mke wake mwenyewe na kumvisha pete. Kisha anamwona Figaro amepiga magoti mbele ya “Rosina” na kumtongoza. Anaita watu wote, mashahidi, mienge! Wote wanamwombea msamaha mkosaji. Hapana, anasema, hapana, tena na tena. Ndipo Rosina wa kweli anapotokea gizani katika nguo za kijakazi.

Mtunzi wa maneno, Lorenzo Da Ponte, aliichukua hadithi kutoka tamthilia ya Mfaransa Beaumarchais iliyochezwa hadharani Paris mwaka 1784, na ambayo Kaisari Joseph II aliizuia isichezwe Vienna. Da Ponte aliondoa hotuba ndefu ya Figaro dhidi ya makabaila. Lakini bwana bado anapiga magoti mbele ya watumishi wake wote. Muziki uliokuwa ukikimbia unatulia ghafla. Anaimba maneno machache: bibi, nisamehe. Rosina anamjibu kwamba yeye ni mpole kuliko mumewe, na anasema ndiyo. Kisha wote wanakimbilia harusini, na kitanda kile hatuambiwi kama kilienea.