Mradi ukiisha, programu inabaki na nani?

Ukiitazama Tandale, kata ya Dar es Salaam, kwenye picha ya setilaiti unaona mabati tu. Mitaro imejificha chini ya mapaa yaliyobanana, nayo ndiyo inayoamua maji ya masika yaingie nyumba ipi. Ili mtaro uingie kwenye ramani, lazima mtu aufuate kwa miguu, ikiwezekana na mkazi anayeujua, apime upana na kina, aandike kama umejengewa au ni wa udongo, kama unapitisha maji au umeziba taka. Kazi hiyo ilifanywa na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe.

Mimi naandika programu, kwa hiyo macho yangu yako kwenye zana. ODK ni programu ya kukusanya taarifa kwa kujaza fomu kwenye simu ya Android ya kawaida. Bando likikata, fomu inabaki kwenye simu mpaka upate mtandao. Ramani inakaa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia mtandaoni, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004. Uchambuzi unafanywa kwa QGIS, programu ya kuchambua ramani kwenye kompyuta. Zote ni huria: msimbo wake uko wazi na hulipii leseni. Leseni ya data za OpenStreetMap inamruhusu yeyote kuzitumia, hata kwa biashara, ilimradi ataje chanzo. Na akitoa hadharani hifadhidata aliyoijenga juu yake, aitoe kwa masharti yaleyale. Hakuna anayeweza kulifungia jasho la wakazi wa Tandale, na kwangu hilo ni kubwa kuliko teknolojia yenyewe.

Ila kutolipia leseni hakuondoi gharama. Android 10, iliyotoka mwaka 2019, ilibadilisha namna programu zinavyohifadhi mafaili kwenye simu. Programu zenye watunzaji zilirekebishwa. Zile zilizoandikwa kwa fedha za mradi wa miaka miwili, kisha kila mtu akaondoka, zinabaki kusubiri fundi ambaye hayupo. Wafadhili hupenda kulipia ujenzi. Ukarabati hauna uzinduzi wala utepe wa kukata.

Ndiyo maana naiheshimu sana DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Unatumika na Wizara ya Afya hapa kwetu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoufungua, kuurekebisha na kuwafundisha wengine.

Nikiitwa kwenye mradi mpya, kabla ya kugusa msimbo nauliza: seva italipiwa na nani mwaka wa tatu? Nywila ziko kwa nani? Yupo kijana wa hapahapa atakayelipwa kusoma ripoti za hitilafu? Kama bajeti haina fungu hilo, naomba tupunguze vipengele vya programu mpaka lipatikane.