Je, wajua kwa nini pikapu ya zamani hukosa cheche hali betri yake ni nzima?

Msimu wa korosho unapokaribia, kuanzia Masasi na Newala hadi Mtama, kusini mwa Tanzania, haikosekani pikapu ya petroli iliyolala chini ya mwembe miezi kadhaa, ambayo ikipigwa stata injini huzunguka kwa nguvu, petroli ikanuka hadi nje, lakini haiwaki. Plagi zikichomolewa hukutwa zimelowa na hazitoi moto. Wenye magari wengi hukimbilia kununua betri mpya, ingawa betri inayoweza kuzungusha injini namna hiyo haina kosa. Tunazungumzia hapa magari yenye mfumo wa pointi (vichwa viwili vidogo vya chuma vinavyokutana na kuachana) na kondensa (kikopo kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi), kama Toyota Hilux za miaka ya 1970 au Peugeot 404; pikapu za dizeli hazitumii cheche kabisa.

Volti 12 za betri haziwezi kuruka uwazi wa plagi, ijapokuwa uwazi huo haufiki milimita moja, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda huzizuia. Kazi ya kuzikuza ni ya koili, ambayo ndani yake mna waya mnene uliozungushwa mara mamia na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Wasilolitarajia wengi ni kwamba cheche hutoka pale umeme unapokatwa. Pointi za ndani ya distributa, kifaa kinachogawia kila plagi umeme kwa zamu, zikikutana, umeme hupita katika waya mnene na kujenga uga wa sumaku; zikiachana, uga huo huporomoka ghafla na kuzaa katika waya mwembamba volti zinazoweza kufika 20,000. Kondensa huzuia umeme usiruke kati ya pointi zinapoachana, kwa kuwa ukiruka, uga hunywea polepole na cheche hufifia. Mfumo huu wa Mmarekani Charles Kettering ulianza kuonekana katika magari ya Cadillac karibu mwaka 1910, na haukubadilika sana kwa zaidi ya miaka sitini.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni kama umeme wa koili unakatwa na kurudishwa, na taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha kulijibu. Unganisha waya mmoja wa taa kwenye ncha hasi ya koili, ile inayokwenda kwenye distributa, na mwingine kwenye chuma cha bodi, kisha washa swichi na mwenzako apige stata. Taa ikimetameta, pointi zinafanya kazi na kosa liko mbele, upande wa volti kubwa. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzimika, pointi hazikutani. Isipowaka kabisa, ihamishie kwenye ncha chanya: ikikosa umeme hapo, fuata waya hadi kwenye swichi, ikiwaka, chomoa waya wa distributa kwenye ncha hasi na upime hasi tena. Ikiwaka safari hii, pointi haziachani au kondensa imepiga shoti. Isipowaka, waya mnene wa koili umekatika.

Kwa gari lililolala huku kusini, ningeanza kushuku pointi. Hewa ya Mikindani na Lindi mjini ina unyevu na chumvi, na pointi zisizofanya kazi hufanya utando mwembamba unaotosha kuzuia volti 12, hata kama kwa macho zinaonekana safi. Gari lililobeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho likaguliwe pia vichwa vya nyaya, kwani salfa huigeuza shaba kuwa nyeusi. Pointi husuguliwa kwa msasa laini, zikafutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo na kuachwa zikauke, kisha uwazi wake ukapimwa: kwa magari mengi ya aina hii ni karibu milimita 0.45. Kisigino cha pointi, kile kinachosukumwa na mhimili wa distributa ili ziachane, kikilika, uwazi hupungua hadi zisiachane tena.

Kama taa ilimetameta, chomoa waya mkubwa wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo yenye mpira, mbali na kabureta, na uuweke kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini huku stata ikipigwa. Cheche ya buluu ikiruka, koili ni nzima, na aliyebaki ni kifuniko, rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko na kupeleka umeme kwa kila plagi) au nyaya za plagi. Ndani ya kifuniko tafuta mistari myeusi myembamba kama nywele: hizo ni njia za kaboni ambazo umeme umejichimbia kuelekea kwenye chuma, na kifuniko chenye mistari hiyo hubadilishwa, hakifutwi. Unyevu mtupu, kinyume chake, huisha kwa kitambaa kikavu. Cheche isiporuka au ikiwa ya njano na dhaifu, badilisha kondensa kabla ya koili, kwa kuwa ndiyo rahisi zaidi.

Ipo hali moja inayowahangaisha hata mafundi wazoefu: injini huwaka wakati stata inazunguka, lakini ufunguo ukiachiwa inazima papo hapo. Katika magari yenye rizista (kipande kinachopunguza umeme) kabla ya koili, stata hupitisha umeme kando ya rizista hiyo, na ufunguo ukirudi umeme hulazimika kuipitia. Ikiwa imeungua, koili hukatikiwa na umeme hapo hapo.