Mfupa husubiri, nyama haisubiri

Saa nane usiku nesi wa zamu alinipigia simu. Kijana wa kitanda cha dirishani, aliyefungwa hogo, yaani plasta ngumu, jioni baada ya kuvunjika muundi, ule mfupa mkubwa wa chini ya goti, alikuwa analia. Ameshapewa dawa ya maumivu mara mbili na haijamsaidia. Picha yake ya eksirei nilikuwa nimeiona mwenyewe: vipande vimekutana, mguu umenyooka. Nilipofika nikamshika kidole gumba cha mguu nikakikunja taratibu kuelekea juu. Wodi nzima iliamka kwa ukelele wake. Tulilipasua hogo kuanzia juu hadi chini, pamba na bendeji zote, mpaka ngozi ikaonekana. Mguu ulikuwa mgumu kama ubao. Dakika chache baadaye tulikuwa tunamsukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Watu wakisikia "daktari bingwa wa mifupa" hudhani tunashughulika na mifupa tu. Kusema kweli, mfupa ndio wenye subira kuliko vyote. Ukivunjika, damu huganda pale palipovunjika, kisha hujengeka tishu laini ya kushikiza vipande, nayo hugeuka kuwa mfupa mpya polepole. Kifundo cha mkono huchukua wiki 6 hivi. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi 3 hadi 4, pengine zaidi, na kwa mvuta sigara ongeza. Mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, mara nyingi huunga wenyewe mkono ukiwa umebebwa na kitambaa shingoni. Hata mfupa unaohitaji chuma wakati mwingine tunauacha siku kadhaa kwa makusudi, maana ngozi iliyovimba ukiikata haikubali kufunga, na ndugu wanadhani tumemsahau mgonjwa wao.

Kisichosubiri ni nyama. Chini ya goti, misuli imegawanyika katika vyumba 4, na kuta za vyumba hivyo ni utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa humo ndani bila pa kutokea. Presha ndani ya vyumba hivyo ikipanda vya kutosha, damu safi haipenyi tena kwenye misuli. Ikipita kama saa 6 katika hali hiyo, misuli huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Mjerumani Richard von Volkmann aliandika mwaka 1881 juu ya mikono iliyokakamaa, vidole vimejikunja, baada ya kufungwa bendeji za kubana. Tangu wakati huo hatujapata kidonge cha tatizo hili. Tiba ni kuupasua ule utando kwa urefu, kuiachia misuli ipumue, na kidonda kubaki wazi kwa siku kadhaa. Ndugu wakikiona kidonda hicho hutuuliza kama tumeongeza ajali juu ya ajali.

Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi jeraha lenyewe, yanayoongezeka badala ya kupungua, na yanayokuwa makali zaidi vidole vikinyooshwa na mtu mwingine. Ganzi hufuata. Usijifariji kwa kuwa mguu bado una joto au mapigo yanasikika. Mapigo huweza kuendelea wakati misuli inakufa. Kwa kawaida mguu uliovunjika huwekwa juu ya mto ili uvimbe ushuke, lakini ukishashuku presha hii uteremshe, uwe usawa wa moyo, na hogo lifunguliwe upesi. Ukiwa nyumbani, rudi hospitali usiku huohuo. Neno linalonikera kuliko yote katika kazi hii ni "vumilia, siku ya kwanza huwa hivyo."

Viungo navyo vina saa zake. Nyonga iliyochomoka tunataka irudishwe ndani ya saa 6, kwani kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa myembamba inayonyongeka kikiwa nje ya mahali pake. Goti likichomoka, mshipa mkubwa wa damu nyuma yake unaweza kuchanika, kwa hiyo tunautazama kabla ya goti. Mtoto mwenye homa anayekataa ghafla kukanyaga mguu aonwe siku hiyohiyo: usaha ndani ya kiungo hula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa siku chache. Na mfupa uliotoboa ngozi unahitaji dawa ya kuua bakteria mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Wewe funika kidonda kwa kitambaa safi, fungia mguu kwenye kitu kigumu, vua pete kama ni mkono, mgonjwa asile wala kunywa. Usiuchue. Kiwiko kilichoumia kikichuliwa kinaweza kuota mfupa ndani ya misuli na kisinyooke tena.

Goti lililosagika kwa umri ni habari nyingine kabisa. Huko hakuna mbio. Kila hatua hulibebesha goti karibu mara 3 ya uzito wa mwili, kwa hiyo kilo chache zikipungua goti linajua. Mazoezi ya misuli ya mbele ya paja husaidia kuliko wengi wanavyoamini. Goti bandia huja mwishoni, na mengi hudumu zaidi ya miaka 20, ndiyo sababu mtu wa miaka 45 akiliomba huwa namrudisha kwanza mazoezini.

Yule kijana mfupa wake tuliushikilia kwa vyuma vya nje, kidonda kikafungwa siku ya tano kwa ngozi iliyotolewa pajani. Mfupa uliunga mwezi wa nne. Alipokuja bila magongo nilimwambia ainue kidole gumba. Akakiinua, akakishusha, kisha akavuta soksi juu kufunika kovu.