Je, wajua? Farasi aliyesimama kimya huenda hapumziki

Mara ya kwanza kuchungulia banda la farasi, nilimkuta mmoja amesimama uso ukielekea ukutani. Shingo na mgongo vilikuwa usawa mmoja, kama ubao. Nzi alitembea pembeni mwa jicho lake, jicho likabaki wazi. Ndoo ikaanguka nyuma yangu, sikio halikugeuka. Nikasema, "Mpole kweli huyu, anapumzika." Saisi, mtunza farasi wa pale, akaafiki.

Tulikosea, na kosa hili ni la wengi, hata wenye miaka mingi na farasi. Tukiona mnyama hatikisiki, tunasema katulia, kumbe huenda yumo katika hali inayofanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Farasi anayepumzika ana dalili zake. Kope hulegea, kichwa hushuka, na mguu mmoja wa nyuma hukunjwa ukagusa chini kwa ncha ya ukwato tu. Mguu wa pili hubeba uzito kwa sababu kiungo chake cha goti hujifunga kama komeo, misuli ikapata nafuu. Farasi aliye macho naye huinua shingo, na masikio yake huzunguka kila moja kivyake. Yule wa ukutani hakuwa huyu wala yule: macho wazi yasiyofuata kitu, masikio yameganda, shingo imelala usawa wa mgongo.

Mkao huo umechunguzwa nchini Ufaransa, katika Chuo Kikuu cha Rennes 1. Mwaka 2012 Carole Fureix, Martine Hausberger na wenzao walichapisha utafiti wa farasi 59 wa kupandwa na watu. Takriban robo yao, asilimia 24, walionekana wakiwa hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba damu yao ilikuwa na kotisoli kidogo kuliko ya wenzao, ilhali homoni hiyo tumezoea kuihusisha na msongo ukiwa juu.

Mwaka 2016 kikundi hichohicho kikapima umakini. Farasi wakiwa mabandani mwao, walichezewa sauti ambazo hawajawahi kuzisikia. Kadiri farasi alivyozoea kukaa katika mkao ule, ndivyo alivyozijali sauti hizo kidogo.

Kwa nini sauti ngeni? Fikiria mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga. Baada ya mwezi haisikii tena, kwa maana kichwa chake kimekwisha kuamua kwamba mngurumo ule haumhusu. Hayo ni mazoea, na ni afya. Lakini mtu huyohuyo akisikia kishindo asichokijua, atageuka tu. Kwa hiyo farasi asiyegeukia hata sauti ngeni hatuwezi kusema amezoea tu.

Basi amelala? Hapana. Nyumba ya aliyelala taa zimezimwa. Ukipiga hodi usipojibiwa, huna la kushangaa. Hapa taa inawaka, mlango uko wazi, unapiga hodi mara ya pili na ya tatu, na hakuna wa kukuambia karibu. Sikio la farasi ndilo linaloitikia hodi: huelekea sauti kabla kichwa hakijageuka. Likiganda, ujue mwenyeji hapokei wageni.

Wala si kwamba hisia zimekufa. Katika utafiti wa 2012, farasi haohao waliokuwa kama hawajali kitu bandani walishtuka kuliko wenzao walipokutanishwa na hali ngumu. Hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Watafiti husema "hali inayofanana na sonona", nami naona wana haki ya kujizuia hivyo. Sonona ya binadamu hutambuliwa kwa sehemu kubwa kutokana na anayoyasema mgonjwa mwenyewe, na farasi hasemi. Maumivu nayo, hasa ya mgongo, yanaweza kumfanya mnyama ajikunyate, kwa hiyo daktari wa mifugo aitwe kwanza. Kuhusu chanzo, maisha ya banda hushukiwa: farasi akiwa huru hula majani zaidi ya nusu ya siku, tena pamoja na wenzake, ilhali wengi wa kupandwa hufungiwa peke yao saa nyingi. Ushahidi bado haujatenga lipi kati ya hayo linaumiza zaidi.

Siku hizi nikifika bandani siangalii kwanza kama farasi ametulia. Natazama jicho, halafu mstari wa shingo, halafu nasugua kiatu kwenye changarawe na kungoja sikio.