Jua kali na ufa wa gogo

Wapo wengi Mtwara na Lindi wanaoamini kuwa gogo la kinu likianikwa juani likakauka upesi ndiyo huwa imara. Imani hii inaeleweka, maana makopa (vipande vya muhogo mkavu) hukauka hivyohivyo. Ila jua hukausha nje kwanza. Nje husinyaa ndani kukiwa kungali kubichi, na ufa huanza. Ncha hupoteza maji haraka kuliko ubavu, kwa hiyo zipakwe nta au rangi, gogo likae kivulini penye upepo. Hata vibao vya pipa la mbao hukaushwa kabla ya kupashwa moto, kupindwa na kubanwa kwa pete za chuma. Kuhakiki kama mti umekauka ni rahisi: pima kipande kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka kadiri hewa ya pwani inavyoruhusu.